Swali Linalokubali Kukanushwa

Utafiti wa kitaaluma ni kutafuta jibu la swali kwa njia iliyo wazi, ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hatua kwa hatua, akaikagua, na akiona haikusimama vizuri akaikataa. Kuuliza peke yake hakutoshi. Mvuvi wa Busisi anayerudi mwaloni na mtumbwi mtupu naye huuliza, hukisia, na kesho yake hutega nyavu mahali pengine. Ujuzi wake ni wa kweli, na umelisha watu wa ziwa vizazi na vizazi. Kinachokosekana ni kumbukumbu: alivua wapi, mara ngapi, kwa nyavu za matundu gani, na zile siku alizojaza mtumbwi pale alipoamini hapana samaki alizihesabu? Binadamu hukumbuka upesi yale yanayomuunga mkono na kuyasahau yanayompinga. Taratibu karibu zote za utafiti, hata zile zinazoonekana kama usumbufu wa wasomi, zilibuniwa kumkinga mtafiti na udhaifu wake huo.

Mifano ya taratibu hizo ipo karibu. Wilaya ya Sengerema iko magharibi ya Ghuba ya Mwanza, na tangu Juni 2025 imeunganishwa na Misungwi kwa Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi. Ng'ambo ya ghuba kuna vituo vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na vya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI). Maji na vijiji vya eneo hili vimepimwa, vimehesabiwa na kuhojiwa kwa miongo mingi, na baadhi ya majibu yaliyotoka hapa yamebishaniwa duniani kote.

Kila utafiti huanza na tatizo, na kazi ya kwanza ni kulipunguza tatizo hilo hadi liwe swali linalojibika. Tuseme mwanafunzi wa chuo anataka kuandika juu ya "athari za daraja kwa wananchi wa Sengerema". Hiyo ni mada, tena pana kama ziwa lenyewe. Athari zipi? Kwa wananchi gani? Kuanzia lini hadi lini? Akiipunguza anaweza kufika hapa: je, bei ambayo mvuvi hulipwa kwa kilo ya sangara katika mialo ya Sengerema imebadilika tangu magari yaache kungoja kivuko? Sasa kuna kitu cha kupima. Kitu kinachobadilika, au kinachoweza kutofautiana baina ya mtu na mtu au mahali na mahali, huitwa kigeu. Kile kinachodhaniwa kuleta mabadiliko, yaani daraja, ni kigeu huru. Kile kinachodhaniwa kubadilishwa, yaani bei, ni kigeu tegemezi.

Hata hapo neno "bei" bado halijasimama. Ni bei ya alfajiri mitumbwi inapoingia, au ya saa nne samaki waliobaki wanapoanza kulegea? Ni bei ya mvuvi aliyekopeshwa nyavu na tajiri, ambaye hana budi kumuuzia yeye, au ya mvuvi huru? Mtafiti lazima aseme mapema atapima nini na kwa namna gani. Asipofanya hivyo, watu wawili watapima bei kwenye mwalo mmoja, siku moja, na kuleta takwimu mbili.

Kuna mtego mwingine. Tuseme bei imepanda baada ya daraja kufunguliwa. Kipindi hicho hicho huenda mafuta yalipanda, samaki wakaadimika, viwanda vya minofu vikaongeza ununuzi, au msimu wa mvua ukaingia. Kulinganisha jana na leo kwenye mwalo mmoja hakuwezi kuvitenganisha vitu hivyo. Ni lazima ipatikane mialo mingine inayofanana na ile ya kwanza kwa mengi isipokuwa kwamba daraja haliigusi sana, kama ile ya visiwani Kome na Maisome, ambako samaki bado lazima wasafiri kwa maji. Bei ikipanda kote sawasawa, daraja halikuhusika. Mialo hiyo ya pili ndiyo kundi la kulinganisha. Mtu akiulizwa ni kitu gani kimoja kinachoupambanua utafiti makini na maoni yaliyopambwa kwa takwimu, kundi la kulinganisha lingekuwa jibu zuri.

Kabla ya kwenda uwandani hufanyika mapitio ya maandishi: kusoma yaliyokwisha kujulikana ili kuona pengo liko wapi. Wanafunzi wengi huichukia hatua hii na kuifanya kama orodha ya nani alisema nini. Faida yake ni kumzuia mtu asitumie mwaka mzima kugundua jambo lililogunduliwa zamani, na kumwonyesha njia ambazo wenzake walizijaribu zikawashinda. Maandishi hayo si vitabu na majarida tu. Kwa mtafiti wa mila na sheria za Wasukuma, kwa mfano, karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali wakati wa ukoloni, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nazo husomwa kwa tahadhari, kwa sababu aliyeandika alikuwa mtumishi wa utawala uliokuwa na haja zake.

Kutokana na mapitio hayo huzaliwa nadharia tete, yaani kauli inayotabiri uhusiano kati ya vigeu, iliyotungwa kwa namna ambayo data zinaweza kuikanusha. Kauli isiyoweza kushindwa kwa ushahidi wowote, kama "kila jambo lina sababu yake", haifai kazi hii hata ikiwa kweli.

Mkoa wa Mwanza una mfano wa nadharia tete uliopata kuwa maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari katika nchi mbalimbali za Afrika waliona kwamba wagonjwa wa kaswende, kisonono na magonjwa mengine ya zinaa walikutwa na virusi vya Ukimwi mara nyingi kuliko watu wengine. Maelezo mawili yaliwezekana. Labda vidonda na uvimbe wa magonjwa hayo viliwafungulia mlango virusi. Kama ni hivyo, kuyatibu kungepunguza Ukimwi. Au labda mwenendo ule ule, yaani wapenzi wengi bila kinga, ulileta magonjwa yote mawili kwa pamoja, na kutibu moja kusingegusa lingine. Kwa kuwatazama wagonjwa tu, maelezo haya mawili hayatenganishiki, hata wakihesabiwa wagonjwa milioni. Vitu viwili vikiandamana, huenda cha kwanza kinaleta cha pili, huenda cha pili kinaleta cha kwanza, na huenda kuna cha tatu nyuma yao kinachovileta vyote. Hicho cha tatu ndicho kinachowaangusha watafiti wengi.

Njia ya kutoka ilikuwa jaribio. Mwaka 1991 NIMR, shirika la AMREF na Chuo cha London cha Usafi na Tiba za Tropiki walianza kazi katika jamii 12 za vijijini za mkoa huo, ambao wakati huo ulijumuisha pia Geita. Kila jamii ilikuwa eneo linalohudumiwa na kituo kimoja cha afya pamoja na zahanati zake. Kwanza jamii hizo zilipangwa jozi sita za zile zinazofanana, ya ufukweni na ya ufukweni, ya barabarani na ya barabarani. Kisha kwa kila jozi ikaamuliwa kwa kura ipi ipate huduma iliyoboreshwa: waganga waliofunzwa upya, dawa zisizokatika, usimamizi wa mara kwa mara na elimu kwa wananchi. Nyingine iliendelea na huduma iliyokuwapo.

Kura hiyo ndiyo moyo wa jaribio. Wangeachiwa viongozi wachague, wangechagua penye mganga hodari, au penye barabara nzuri, au penye kelele nyingi, na mwisho wa yote isingejulikana kama kilichosaidia ni dawa au ni yule mganga. Kura haina rafiki. Hugawa kwa bahati yale yanayojulikana na hata yale ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Baada ya hapo lilikuja suala la sampuli. Haiwezekani kupima kila mtu. Wilaya ya Sengerema peke yake ilihesabiwa watu 663,034 katika sensa ya 2012. Huchukuliwa sehemu itakayowawakilisha wote. Mnunuzi wa dagaa anaijua kanuni hii bila kufundishwa: hachungulii mdomo wa gunia tu, huingiza mkono hadi chini, kwa sababu juu hupangwa dagaa wakavu wanaong'aa. Mtafiti anayewapima waliofika zahanati, au aliowakuta barabarani saa tano asubuhi, ameangalia mdomo wa gunia. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa na kulala mchana, hatawakuta. Katika sampuli nasibu kila mmoja katika jamii ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, awe rahisi kumpata au mgumu. Katika jaribio la Mwanza walichaguliwa kwa bahati watu wazima wapatao 1,000 wa miaka 15 hadi 54 kutoka kila jamii, jumla 12,537. Walipimwa mwanzoni, kisha wakatafutwa tena baada ya miaka miwili.

Waliopatikana tena walikuwa 8,845, yaani asilimia 71. Wengine walihama au hawakuonekana. Hasara ya namna hii huukuta kila utafiti unaofuatilia watu kwa muda, na huwa hatari zaidi pale waliopotea wanapotofautiana na waliobaki. Kijana aliyekimbilia machimbo ya dhahabu Geita huenda ana hatari kubwa kuliko ndugu yake aliyebaki kulima. Watafiti waaminifu huitaja idadi hiyo mapema katika ripoti badala ya kuificha kwenye kiambatisho.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la tiba la The Lancet. Kati ya watu 4,149 waliokuwa hawana virusi mwanzoni katika jamii zilizopata huduma, 48 walikuwa wameambukizwa baada ya miaka miwili, sawa na asilimia 1.2. Upande wa pili walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Baada ya kusawazisha tofauti ndogo zilizokuwapo tangu mwanzo kati ya pande hizo mbili, maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 40.

Je, haikuwa bahati tu? Swali hili ndilo kazi kubwa ya takwimu katika utafiti, na linaweza kueleweka bila hesabu nzito. Katika jozi zote sita, jamii iliyopata huduma ndiyo iliyokuwa na maambukizi mapya machache. Kama huduma hazikufanya lolote, kila jozi ingekuwa kama shilingi iliyorushwa juu: ama kichwa, ama mwenge. Kupata kichwa mara sita mfululizo hutokea mara moja tu katika kila majaribio 64. Inawezekana, lakini mtu mwenye busara hataitegemea. Hesabu kamili za watafiti zilitoa pia upana wa shaka: data zilikubaliana na upungufu wowote kati ya asilimia 21 na 58. Msomaji wa magazeti hupewa asilimia 40 peke yake, kana kwamba imepimwa kwa mizani ya dhahabu. Mtafiti husoma upana wote, kwani ndani yake umo pia uwezekano kwamba faida ilikuwa nusu tu ya ile inayotangazwa.

Habari ilipokelewa kwa furaha, maana wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa wananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki. Ila jibu moja huwa bado ni jibu moja. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, wanasayansi wengine waligawa dawa za magonjwa ya zinaa kwa watu wazima wote, wagonjwa na wasio wagonjwa, kila baada ya miezi 10. Ripoti yao ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi yalikuwa sawa pande zote mbili. Jaribio la tatu, la Masaka, pia Uganda, lilichapishwa mwaka 2003. Nalo halikuona upungufu wa virusi.

Mtu asiyezoea utafiti husema hapo kwamba wataalamu hawajui wanachokisema. Wenyewe walikaa wakauliza kwa nini. Mwanza mwanzoni mwa jaribio watu wenye virusi walikuwa karibu asilimia 4. Rakai walikuwa kama asilimia 16. Pale ambapo janga bado changa, virusi huenea sana kupitia watu wachache wenye wapenzi wengi na magonjwa ya zinaa, hivyo kuwatibu hao kunafaa. Pale ambapo vimeshaingia majumbani, maambukizi mengi hutokea hata bila kisonono wala kaswende. Aidha Mwanza mgonjwa alitibiwa siku alipoumwa. Rakai alingoja zamu ya ugawaji, na katikati aliweza kuugua upya. Utafiti wa awali kwa hiyo haukuwa wa uongo. Ulikuwa umejibu swali la mahali fulani, kwa wakati fulani, na ule wa pili ndio uliofanya mipaka hiyo ionekane. Kurudia jaribio la mwingine hakumpi mtu sifa kubwa, lakini bila marudio maarifa hayakomai.

Jaribio jipya zaidi la aina hiyo lilifanyika Misungwi, upande wa pili wa daraja, kuhusu vyandarua. Maeneo 84 yaligawiwa kwa kura aina nne za vyandarua, na wakazi hawakuambiwa wamepata aina ipi. Usiri huo una sababu: mwenye kuamini kwamba chandarua chake ni bora hukitunza na kukitumia zaidi, na hapo imani huchanganyika na dawa. Baada ya miaka miwili watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 penye vyandarua vya kawaida, na asilimia 25.6 penye vile vilivyoongezwa dawa ya chlorfenapyr. Matokeo yalitoka mwaka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo vitumike.

Vimelea na virusi vina wema mmoja: havidanganyi. Mambo mengi ambayo wanataaluma wa jamii wanayataka yamo vichwani na vinywani mwa watu, na huko njia za kukusanya data hutofautiana sana kwa ubora. Hojaji, yaani orodha ya maswali yale yale kwa kila mtu, huwafikia wengi kwa muda mfupi na majibu yake huhesabika. Mahojiano ya kina huwafikia wachache, lakini huruhusu swali kuzaa swali. Ushuhudiaji humtaka mtafiti akae, aone, na pengine ashiriki.

Tofauti ya njia hizi ilidhihirika katika mpango wa MEMA kwa Vijana, uliofanyika kuanzia mwaka 1999 katika jamii 20 za vijijini Mwanza, Sengerema ikiwamo. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi walifundishwa afya ya uzazi, na waganga wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Vijana walipoulizwa, majibu yao yalionyesha ujuzi umeongezeka na mitazamo imebadilika. Damu yao haikuonyesha tofauti na kundi la kulinganisha katika maambukizi ya virusi, wala haikuonyesha katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2007 na 2008 uliowapima karibu watu 14,000. Wangeishia kwenye hojaji, wangetangaza ushindi.

Katika kazi hiyo hiyo ilionekana kwamba baadhi ya vijana waliosema hawajawahi kufanya mapenzi walikutwa na mimba au ugonjwa wa zinaa, na wasichana walificha zaidi kuliko wavulana. Hilo si ajabu. Binti wa darasa la sita aliyeketishwa mbele ya mgeni mwenye kalamu na karatasi, tena labda karibu na ofisi ya mwalimu, atasema lile analoona linatakiwa. Ndiyo maana watafiti vijana walitumwa kuishi katika vijiji tisa, kulala katika nyumba za wenyeji, kulima nao, kuchota maji nao na kwenda nao ngomani. Waliyoyasikia visimani hayakufanana na yale ya kwenye fomu. Kulitazama jambo moja kwa njia kadhaa ili kila njia ikague nyingine ni desturi nzuri, ingawa ni ghali, na bajeti nyingi huikata kwanza.

Kwenye mifano hii ndipo maneno mawili ya vitabuni hupata maana. Kipimo huaminika kikitoa jibu lile lile kila kikirudiwa. Kipimo huwa sahihi kikipima kile hasa kilichokusudiwa. Mizani ya mlanguzi iliyochezewa huaminika kabisa, kwani kila siku hupunja kiasi kile kile. Usahihi ndio haina. Binti aliyeulizwa mara tatu na kujibu "bado" mara tatu ametoa data za kuaminika kwa maana hiyo ya kwanza tu.

Huwa kuna ubishi baina ya wanaotumia tarakimu na wanaotumia maelezo, kila kambi ikiiona nyingine kuwa haijakamilika. Kwa sehemu kubwa ubishi huo ni wa watu kulinda idara zao. Utafiti wa kiidadi hujibu wangapi, mara ngapi, kwa kiasi gani. Utafiti wa kimaelezo hujibu kwa nini, kwa namna gani, na watu wenyewe wanalielewaje jambo. Swali ndilo huchagua njia. Mwanahistoria anayekusanya masimulizi ya wazee wa Kizinza hana haja ya sampuli nasibu. Anahitaji wazee wanaojua, masimulizi ya ukoo mmoja kulinganishwa na ya ukoo hasimu, na uangalifu kwamba msimulizi naye ana upande.

Si kila utafiti huanza na jaribio wala na nadharia tete. Mwaka 1977 wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuvua samaki waitwao furu katika Ghuba ya Mwanza, ile inayozigawa Mwanza na Sengerema. Kazi yao ilikuwa ya kuorodhesha: furu wa aina ngapi, wanaishi kina gani, wanakula nini. Walikokota nyavu zao katika njia zile zile za kupimia, mwaka baada ya mwaka. Sangara alikuwa amekwisha kupandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960, lakini katika ghuba alikuwa bado adimu. Miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na kufikia mwishoni mwa muongo huo furu wa maji ya kina cha kati walikuwa karibu wametoweka kwenye nyavu hizo. Hakuna aliyekuwa amepanga kupima anguko hilo. Lilipimika kwa sababu hali ya awali ilikuwa imeandikwa kabla mtu yeyote hajajua kwamba itahitajika. Nani mwenye makosa lilikuwa swali gumu zaidi, maana uvuvi wa meli za kukokota ulikuwa umewapunguza furu mapema, na maji nayo yalikuwa yakizidi kuchafuka kwa mbolea na udongo.

Suala la uchafu wa maji lilipata jaribio lake. Katika miamba ya ghuba wanaishi furu wawili wa jamii moja: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya samawati, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina wekundu. Penye maji maangavu, kama kisiwani Makobe, spishi hizi hukaa mbalimbali. Penye maji machafu zaidi ndani ya ghuba hukutwa samaki wa rangi za katikati. Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walishuku kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na tope huwafumba macho. Waliwaweka samaki katika matangi. Chini ya mwanga wa kawaida majike walichagua madume wa spishi yao. Chini ya mwanga uliofuta tofauti za rangi walichagua ovyo. Ripoti ya mwaka 1997 ilitokana na hatua hizo tatu kwa mpangilio wake: kuona ziwani, kukisia, kisha kujaribu mahali ambapo kitu kimoja tu kinabadilishwa.

Samaki hawaombwi ridhaa. Watu huombwa. Baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi ziliandikwa kanuni za Nuremberg mwaka 1947, na mwaka 1964 likafuata Azimio la Helsinki. Msingi wake ni kwamba mtu aelezwe nini kitafanyika, hatari ni zipi, na kwamba anaweza kukataa au kujitoa bila kunyimwa huduma. Tanzania Bara, utafiti unaohusu afya hukaguliwa na kamati ya taifa ya maadili iliyo NIMR, na vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kisha huja ngazi za mkoa, wilaya, kata na kijiji, ambazo mtafiti mwenye haraka huziona kero. Ridhaa ya mwenyekiti, hata hivyo, haiwi ridhaa ya mwanakijiji.

Lugha pia ni suala la maadili. Fomu iliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa Kiswahili huenda isimfikie bibi anayezungumza Kisukuma. Kawaida nzuri ni mtu mmoja kuitafsiri na mwingine, asiyeiona asili, kuirudisha ilikotoka. Zikitofautiana, tatizo limeonekana kabla ya uwanda.

Na zile jamii sita za jaribio la magonjwa ya zinaa, zilizoachwa na huduma ya zamani kwa miaka miwili? Watafiti walijibu kwamba mwaka 1991 hakuna aliyejua kama huduma mpya ingepunguza virusi, kwamba hakuna aliyepokonywa alichokuwa nacho, na kwamba jaribio lilipokwisha jamii hizo nazo zilipelekewa huduma. Jibu hilo lina nguvu, ingawa si kwa kila msikilizaji, maana faida ya dawa kwa kaswende yenyewe haikuwa na shaka.

Data zikiisha kuchanganuliwa huandikwa ripoti. Sehemu inayoeleza mbinu huwa kavu kuliko zote na ndiyo ya maana kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha mwingine kurudia kazi. Kila wazo la kuazima hutajiwa mwenyewe. Kunakili bila kutaja ni wizi wa maandishi, hata kama maneno yamebadilishwa kidogo. Jarida la kitaaluma huwapa andiko wataalamu wengine walisome kabla ya kuchapwa, na mara nyingi hulirudisha limejaa maswali.

Data zenyewe huhifadhiwa, na wakati mwingine huja kujibu maswali ya baadaye. Furu waliovuliwa katika ghuba na timu ya Leiden waliwekwa kwenye chupa za makumbusho nchini Uholanzi. Miaka ya 1990 aina moja iliyokuwa imekaribia kutoweka, Haplochromis pyrrhocephalus, ilianza kurudi. Samaki hao wapya walipowekwa mezani kando ya wale wa mwaka 1978 na kupimwa kwa vipimo vile vile, ilionekana kwamba matamvua yao yamekuwa makubwa zaidi, katika ziwa ambalo hewa ya oksijeni majini ilikuwa imepungua.